Kumi Iliyokopwa

Mwalimu Nangomwa aliandika kwa chaki fupi kama jino:
hamsini na mbili, toa ishirini na saba.
Akapiga mstari chini, akatugeukia.
"Mbili toa saba?"
"Haiwezekaniii!" tukaitika,
wale wa dirishani wameanza kabla ya swali.
"Basi?"
"Tunakwenda kwa jirani, tunakopaaa!"

Jirani alikuwa tano. Alitoa kumi moja bila kununa,
akakatwa kwa mstari mdogo, akabaki nne,
na mbili akawa kumi na mbili, tajiri wa ghafla.

Mimi kukopa nilikujua kabla ya shule.
Nilitumwa kwa mama Likwata na kikombe cha bluu
kuomba unga, na maneno nisiyoruhusiwa kuyapunguza:
"Mama anasema atarudisha Jumamosi."
Jumamosi kikombe kilirudi kimejaa,
kimesawazishwa kwa kiganja.
Kwa hiyo nikanyoosha kidole.
"Mwalimu, ile kumi ya tano tunairudisha lini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.
Alijifuta chaki kwenye suruali, akautazama ubao
kama mtu aliyesomewa barua yake mwenyewe.
"Kaa chini, Somoe."
Kisha, tulipokwisha kusahau:
"Hesabu hairudishi."

Mahuta nzima ilihesabia korosho.
Ishirini kwa kila mtoto, mbichi, na maganda yake,
na mafuta yake yalitubabua vidole
hata ungeweza kujua nani kafanya zoezi.
Chilumba alileta zilizokaangwa.
Majibu yake yalipungua mbili, yalipungua tatu,
na pumzi yake ilinukia vizuri mpaka dawati la nyuma.
Siku moja tu alipata vema:
tisa toa tisa.

Mwezi wa tisa, ghala halijafunguliwa,
akaja mtu wa kangomba na kopo lake.
Mama alikuwa na deni la salfa, na mimi sina sare.
Yule mtu alitikisa kopo, akashindilia,
akaacha kilima juu, akakiita kilo.
Arobaini, akahesabu. Akalipa arobaini.
Zilizoanguka chini aliziokota pia.

Nilikuwa nimelitazama kopo lile vizuri, na letu la maji
lilikuwa ndugu yake. Nikalijaza, nikaweka kilima,
nikalipeleka dukani kwa Mkwanda, kwenye mzani wa sukari.
Kilo moja na robo.
"Umetumwa?" akauliza Mkwanda.
"Ni zoezi," nikasema.

Usiku, kibatari, nyuma ya daftari:
arobaini mara moja na robo. Hamsini.
Hamsini toa arobaini.
Sifuri toa sifuri, sifuri. Tano toa nne, moja.
Hapakuwa hata na haja ya kwenda kwa jirani.
Nikarudia kwa vidole. Nikarudia kwa vijiti.
Nikatamani nimekosea, mimi, wa pili darasani.
Kumi.

Mama hakujua kusoma, lakini kumi aliijua.
Aliiangalia pale chini ya mstari.
"Najua," akasema. "Nilijua tangu kopo la kwanza."
Akapunguza utambi.
"Na sare umeivaa."

Sasa nimekaa ghalani, karani wa chama,
mzani unawaka namba nyekundu
na wakulima wananiambia soma kwa sauti, binti, soma tena.
Nimepewa kikokotoo. Ni kizuri, hakichoki,
lakini kinakopa gizani, hakuna anayeona.
Mimi bado natoa kwa kalamu.
Mbili toa saba haiwezekani.
Namkata tano, na juu yake naandika nne, ndogo,
wazi, ili anayesoma risiti
amwone aliyetoa.